Paa wa Thumuni: Ngano Zetu Zilivyofanywa za Watoto



 Huku Scarborough baridi bado haijatuaga, na mtu aliyefungiwa ndani na theluji hana budi ama kusoma ama kubishana. Mimi nimefanya yote mawili, na niliyebishana naye ni binti yangu mwenyewe. Naomba niwaeleze ugomvi wetu ulivyoanza, kisha niingie katika historia, maana ni historia iliyonifanya nikiri kwamba haki ilikuwa yake.

Binti yangu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1996, tukaja naye Canada akiwa na miaka miwili. Ni mtu mzima sasa, ana kazi yake na kodi yake. Anachopenda kusoma ni zile riwaya za kifantasia zinazozisimulia upya ngano za zamani kwa ajili ya watu wazima: yule msichana mweupe kama theluji, yule mume wa ndevu za buluu anayeua wake zake, yule binti aliyelala miaka mia. Siku moja, kwa kile kiburi chetu cha ualimu, nikamwambia kwamba mtu mwenye elimu yake hafai kupoteza jioni zake kwa hadithi za watoto. Hakunijibu. Jumamosi yake akanichukua, tukapanda basi mpaka Kennedy, tukashuka chini kwenye treni, mpaka mtaa wa College, kwenye maktaba iitwayo Lillian H. Smith.

Wenzangu mnaoishi Toronto mtakuwa mmeliona jengo hilo. Lilifunguliwa mwaka 1995, na mlangoni pana wanyama wawili wa shaba wenye mabawa, kama walinzi wa ngome katika hekaya. Lillian Smith mwenyewe alianza kazi ya kuwahudumia watoto katika maktaba za Toronto mwaka 1912. Ndani ya jengo hilo mna makusanyo mawili maarufu. Moja ni la Osborne, la vitabu vya watoto vya kale, lililotokana na zawadi ya Edgar Osborne, mkutubi wa Uingereza, mwaka 1949. La pili ni la Judith Merril, la fantasia na hadithi za kisayansi, lililoanza mwaka 1970. Kwa hiyo ngano za watoto na fantasia za watu wazima zinakaa katika nyumba moja, na ukitaka kutoka huku kwenda kule ni kupanda ngazi tu. Nilidhani binti yangu amenileta kunionyesha hilo. Kumbe alikuwa na jambo lake.

Aliomba kitabu kimoja cha Andrew Lang cha mwaka 1901, kile cha rangi ya zambarau katika mfululizo wake wa vitabu vya ngano vyenye majina ya rangi. Akakifungua mezani, akanionyesha hadithi ya paa. Akaniambia, “Baba, soma mwisho.” Nikasoma. Akaniuliza, “Kwa nini mimi ulinikatia?”

Swali hilo nitalirudia. Kwanza tuulize: hadithi ya Waswahili ilifikaje katika kitabu cha watoto wa Kiingereza, na ilikuwa ya nani kabla ya hapo?

Lang hakuitoa hewani. Aliitoa kwa Edward Steere, yule mmisionari wa UMCA aliyefika Unguja mwaka 1864, akaja kuwa askofu mwaka 1874, akafariki mwaka 1882. Mwaka 1870 Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna Sultani Darai, ambayo ndiyo hadithi ya paa, mna Sultani Majinuni na yule nunda mla watu, mna hadithi ya Hasibu. Lang alizichukua hizi tatu, akazipanga pamoja na ngano za mataifa mengine. Mwaka huohuo wa 1901, George Bateman naye alitoa Chicago kitabu cha ngano za Unguja, na paa yumo vilevile. Yaani hadithi zetu zilishahamia Amerika ya Kaskazini miaka mia moja kabla yetu, na bila kuhojiwa na maafisa wa uhamiaji!

Kwa wale walioisahau, nitaifupisha. Maskini mmoja, Hamdani, hana kitu, kazi yake ni kuchakura jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale. Akapita muuza paa, na yule maskini, badala ya kununua chakula, akanunua paa. Majirani wakamcheka. Paa yule anasema kama mtu. Alipokwenda malishoni aliona almasi, akaichukua mpaka kwa sultani wa nchi ya mbali, akasema ni posa kutoka kwa bwana wake, Sultani Darai. Kwa hila na ujasiri alimpatia bwana wake nguo na farasi, akamwoza binti wa sultani. Kisha akaenda akamuua nyoka wa vichwa saba, akampatia bwana wake jumba lililojaa mali. Mpaka hapo ni hadithi tamu, kila mtoto angeipenda.

Lakini haikwisha. Paa akaugua. Akatuma kwa bwana wake kuomba chakula kizuri cha mgonjwa. Bwana akasema apikiwe uji wa mtama mbovu, kwani huyu si yule yule paa niliyemnunua kwa thumuni? Mkewe akamsihi, watumishi wakalia, yeye moyo wake mgumu. Paa akafa kwa uchungu, na bwana akaamuru atupwe kisimani. Mke akampelekea baba yake habari. Sultani akaja mwenyewe na watu wake, akaingia kisimani akamtoa paa, wakamzika kwa heshima na matanga. Usiku mke akaota yuko kwao, akaamka kweli yuko kwao. Na mume akaota yuko jaani anachakura. Akaamka, na kweli yuko jaani.

Wataalamu wa ngano wataona mara moja kwamba huyu ni ndugu yake paka wa Charles Perrault, yule mwenye viatu, wa mwaka 1697. Tena ni ndugu mwenye akili zaidi. Paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa, anakamata panya kwa kujifurahisha tu, na hakuna anayedaiwa chochote. Anayekaribiana na paa wetu ni paka wa Giambattista Basile, aliyechapishwa Italia mwaka 1634. Paka yule alijifanya amekufa ili amjaribu bwana wake, akasikia bwana akisema atupwe dirishani. Akainuka, akamtukana, akaenda zake. Huyo wa Italia alikuwa akijaribu tu. Wa kwetu alikufa kweli. Ni hadithi ya mtu aliyeinuliwa kutoka jaani, kisha akamkadiria aliyemwinua kwa bei aliyomnunulia. Hivi, jamani, hii ni hadithi ya mtoto wa miaka sita?

Tanga nilikokulia, bibi yangu mzaa mama aliisimulia usiku baada ya kazi, wanawake wakiwa bado wamekaa uani. Sisi watoto tulikuwepo kwa sababu hakukuwa na pengine pa kutuweka. “Paukwa” yake haikuwa yetu peke yetu, na walioitikia “Pakawa” kwa sauti kubwa walikuwa wakubwa. Harusi ya Hamdani kwa bibi ilikuwa katikati ya hadithi. Sehemu aliyoikalia, aliyoirudia, aliyobadilisha sauti yake kwa ajili yake, ni pale paa anapotuma kwa bwana mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Pale wanawake walikuwa wakisonya na kumtaja mtu fulani wa mtaani aliyemtupa mama yake. Sisi watoto tulikuwa tumeshalala.

Sasa, nani aliyezishusha ngano hizi mpaka zikawa za watoto? Huko Ulaya jibu linajulikana. Ndugu wawili Grimm walitoa kitabu chao cha kwanza mwaka 1812, na mpaka toleo la mwisho la mwaka 1857 Wilhelm alikuwa akikata na kushona. Mama mzazi mkatili akageuzwa mama wa kambo, mimba ya Rapunzel ikafutwa, dini ikaongezwa. Kwa hiyo Angela Carter alipotoa hadithi zake za The Bloody Chamber mwaka 1979, hakuwa anawapelekea watu wazima kitu cha watoto. Alikuwa anawarudishia watu wazima kilichokuwa chao. Baada yake mlango ukafunguka, na leo rafu za riwaya za namna hiyo hazina mwisho.

Na Toronto yenyewe ina mchango wake. Nalo Hopkinson, mzaliwa wa Jamaika aliyekuja huku akiwa kijana, alitoa mwaka 2001 mkusanyiko uitwao Skin Folk. Humo mna hadithi inayomsimulia upya yule mume wa ndevu za buluu. Mume wa Hopkinson ni mtu mweusi anayeuchukia weusi wake, na anawaua wake zake wanapopata mimba kwa sababu hataki mtoto atakayefanana naye. Nilipoisoma hiyo kwa kusukumwa na binti yangu, nilinyamaza. Ngano ya Perrault ilikuwa imekwenda Karibiani, ikaja Toronto, na njiani ikajifunza kusema jambo ambalo mikutano yetu ya kitaaluma hulizungukazunguka kwa siku tatu.

Kwetu ngano hazikupunguzwa na mtu mmoja kama Wilhelm Grimm. Steere, kwa sifa yake, aliandika mwisho wa paa kama alivyousikia. Lakini mara hadithi ilipoandikwa, makazi yake yakawa shule. Misheni zilihitaji vitabu vya kusomea, na hadithi za uani ndizo zilizokuwa karibu. Kisha ukaja wakati wa serikali ya Waingereza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, Kiunguja kikiwa msingi wa Kiswahili sanifu, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri hodari. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1929, ikafuatwa na Safari za Gulliver na nyingine. Alfu Lela Ulela nayo ilifasiriwa na Edwin Brenn na kuhaririwa na Johnson. Vingi katika vitabu hivi tulivisoma darasani na tukavipenda, mimi si mnafiki wa kuvitukana leo. Lakini angalieni kilichotokea. Gulliver, aliyekuwa tusi la Swift kwa wakubwa wa nchi yake, na Alfu Lela Ulela, iliyojaa usaliti, tamaa na damu, vyote viliwekwa katika rafu moja: rafu ya mwanafunzi. Mswahili akajifunza kwamba hekaya ni ngazi ya kujifunzia kusoma, na kwamba mtu akishaweza kusoma vizuri, anaiacha.

Na hapo ndipo inabidi tumtazame upya Shaaban Robert.

Adili na Nduguze ilitoka mwaka 1952, ikichapishwa na Macmillan. Wengi wetu tuliisoma tukiwa tumevaa kaptula, tukafanyia mtihani, tukaandika kwamba “mwandishi anatufundisha kuwa wema hushinda ubaya”, tukapewa alama zetu. Wahakiki wameshaonyesha zamani kwamba mfupa wa kisa hicho umetoka katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Hoja yangu ni kwamba tumeutaja ukweli huo kama vile tunamtuhumu mtu kwa kunakili. Tungeutaja kwa jina lake lililo sawa: Shaaban Robert alikuwa anasimulia upya hekaya ya kale kwa ajili ya wasomaji wazima wa wakati wake, miaka 27 kabla ya Angela Carter.

Tazameni alivyofanya. Katika kisa cha Kiarabu, kodi ya Basra inachelewa, Harun Rashid anamtuma mtu wake, na mtu huyo anamwona liwali akiwapiga viboko mbwa wawili usiku, kisha akiwabembeleza na kulia. Mbwa wale ni Nasir na Mansur, kaka za liwali, waliogeuzwa na jini kwa sababu walimtupa ndugu yao baharini kwa wivu. Katika kisa cha Shaaban, mfalme ni Rai wa Ughaibuni, mjumbe ni Ikibali, liwali ni Adili wa Janibu, jini ni Huria, na ndugu waovu ni Hasidi na Mwivu. Mbwa wamekuwa manyani. Mji wa mawe umebaki, na binti aliyesalimika humo, Mrashi, amebaki.

Mabadiliko hayo si ya mapambo. Mbwa ni mnyama aliye mbali na mtu. Nyani amekaribia kuwa mtu, na kumpiga nyani kiboko usiku ni jambo linalotisha kwa namna nyingine. Halafu ni nani aliyeandika? Ni karani wa serikali ya kikoloni, mtu aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliyetumwa na kuhamishwa kituo hadi kituo kwa amri ya wakubwa. Mtu wa namna hiyo anapoandika habari ya liwali mwaminifu ambaye kwa siri, kila usiku, analazimishwa kuwapiga ndugu zake kwa amri isiyotoka moyoni mwake, nani kati yetu atasema hii ni hadithi ya watoto? Mimi sidai kwamba aliandika fumbo la siasa, neno kwa neno. Nasema tu kwamba msomaji mzima wa mwaka 1952, anayejua maana ya kodi na maana ya kiboko, hakuhitaji kuelezwa.

Kubwa zaidi ni mwisho. Katika Alfu Lela Ulela, ndugu wale wanasamehewa, wanarudi kuwa watu, kisha wanamsaliti tena Abdallah, na mwishowe wanauawa kwa hukumu ya khalifa. Shaaban Robert aliikataa hukumu hiyo. Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na msamaha unasimama. Ukisoma kama mwanafunzi utasema ni mahubiri. Ukisoma kama mtu aliyewahi kudhulumiwa na ndugu, au aliyewahi kumdhulumu ndugu, utaona kwamba kumwacha msaliti aishi ni uamuzi mgumu kuliko kumnyonga. Na neno lile Ughaibuni! Mwaka 1952 lilikuwa nchi ya mfalme wa hekaya. Leo ndilo jina letu sisi wenyewe, watu wa ughaibuni, yaani tuliofichika, tusioonekana panapohitajika mtu.

Baada yake njia haikufungwa, ila ilipita porini. Euphrase Kezilahabi, aliyefundisha Botswana miaka mingi na kufariki mwaka 2020, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katika vitabu hivyo ngano na visasili vimepasuliwa vipandevipande, na hakuna anayethubutu kuviita vya watoto, pengine kwa sababu wengi waliona ni vigumu. Kyallo Wamitila katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002 alimchukua Peter Pan, yule mtoto wa Kiingereza asiyekubali kukua, akamfanya nguvu iliyojificha nyuma ya uharibifu wa kijiji cha utandawazi. Hebu fikirini jinsi alivyoona mbali: mtoto asiyekua wala kuwajibika, mwenye dunia mkononi. Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, alikuwa ameshakisimulia upya kisa cha Yusufu katika Paradise, mwaka 1994. Yusufu wake anawekwa rehani kwa deni la baba yake, bwana wake anaitwa Aziz, bibi wa nyumba anaitwa Zulekha, na mwishoni hapati ufalme wala hawaoni ndugu zake wakimwinamia. Anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Riwaya hiyo ilirudi katika Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Na Alfu Lela Ulela yenyewe ilipata tafsiri nyingine, ya Hassan Adam, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota katika miaka ya 2000.

Najua mtu atasema: ndugu yetu, unawatafutia Waswahili heshima kwa kuwapachika mtindo wa Wazungu. Mwenye duka la vitabu wa Toronto akiita kitu “fantasia”, sisi tunakimbilia kusema hata sisi tunayo. Pingamizi hilo nimelifikiria na nalikubali nusu. Ni kweli, uani kwa bibi yangu hapakuwa na rafu ya fantasia. Jini alikuwa jirani, si fantasia. Lakini ndiyo hoja yangu hasa. Wazungu walihitaji Carter awarudishie walichonyang'anywa na Wilhelm Grimm. Sisi tulinyang'anywa juzi tu, na wapo bado hai waliosikia hadithi kabla haijakatwa. Tofauti ni kwamba wao wamekwisha kurudi kuchukua chao, sisi tunakiacha kwenye orodha ya vitabu vya darasa la tano.

Sasa nirudi kwenye swali la binti yangu.

Tarehe 14 Agosti 2003, saa kumi na dakika chache jioni, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Ontario na baadhi ya majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani. Watu wapatao milioni 50 walikuwa gizani. Wenzangu mliokuwa huku mnaikumbuka siku ile. Ghorofani kwetu Scarborough lifti zilisimama, Watamili, Wajamaika, Wafilipino na sisi tukashuka kwa ngazi kukaa nje na watoto. Nyota zikaonekana kama Tanga. Binti yangu alikuwa na miaka saba, akaogopa, akataka hadithi. Nikamsimulia paa. Nikamfikisha kwenye almasi, kwenye posa, kwenye nyoka wa vichwa saba, kwenye harusi. Nikasema, wakaishi raha mustarehe. Akalala.

Nilijiambia nimeikata kwa sababu ni mtoto. Leo, baada ya miaka mingi, nimekaa mezani kwenye maktaba ya Lillian H. Smith na kitabu cha Lang mbele yangu, nikajua kwamba sikuikata kwa ajili yake.

Bibi yangu alifariki Februari ya mwaka uleule. Yeye ndiye aliyeuza mkufu wake nipate nauli ya kwanza ya kwenda kusoma nje. Aliugua miezi minne. Alituma salamu mara ya kwanza, akatuma mara ya pili. Sikwenda. Nilikuwa na mkataba wa muda wa kufundisha, nikiogopa kuupoteza. Nilituma dola za dawa, kisha nikatuma dola za hitma. Baadaye watu wa nyumbani walisema maskini, atasafirije na ule ugonjwa wa SARS ulivyoikamata Toronto? Sikuwasahihisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari yake ya safari za Toronto mwezi Aprili. Bibi alikuwa ameshazikwa miezi miwili. Mimi mtu wa historia, najua kupanga tarehe. Hizo sikuzipanga kwa sauti mbele ya mtu.

Kwa hiyo nikamjibu binti yangu. Nikamwambia hadithi yote kwa Kiswahili, pale pale, kwa sauti ya chini maana ni maktaba, na nikamwambia ya bibi pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anataka kuiandika, riwaya nzima, ya watu wazima, na mtu wa jaani awe ni mtu anayeishi Scarborough. Nikamwuliza ataiandika kwa lugha gani. Akasema, “Kwa Kiingereza, baba, ndicho ninachokijua. Ile ya Kiswahili iandike wewe.”

Ndiyo maana nawaandikieni. Sisi tulio huku na mlio Muscat, London, Leipzig na kwingineko, tumezoea kusema kwamba ngano zihifadhiwe, zirekodiwe, ziwekwe katika makumbusho. Steere alishazihifadhi mwaka 1870, na uhifadhi wake haukuzizuia kukatwa vinywani mwetu. Zinachohitaji ni watu wazima wazisimulie kwa watu wazima wenzao, pamoja na ile sehemu inayotuuma. Kila mmoja wetu anajua hadithi moja ambayo kwa watoto wake huishia harusini. Naomba mwenye mwisho wake aulete hapa, kwa lafudhi ya kwao, hata kama ni mistari kumi. Mimi nimeanza kuandika wangu. Nimefika pale paa anapotuma mara ya pili, na kila jioni nakaa hapo, sijapata maneno ya jibu la bwana.